Unga Usio na Jina: Kisa cha Sumu ya Risasi kwenye Karakana ya Ufinyanzi, Dodoma

Kisa hiki cha sumu ya risasi, ile metali nzito na si risasi ya bunduki, kilitokea kwenye karakana ndogo ya ufinyanzi pembezoni mwa jiji la Dodoma. Mimi niliitwa kama mkufunzi wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine nilisimuliwa na wahusika. Majina, mtaa, mwaka na jina la mgahawa ulioagiza vyombo nimeviondoa, na watu nimewaita kwa kazi zao. Mfuatano wa mambo na hesabu ya mabakuli nimeviacha kama vilivyokuwa, kwa sababu hesabu hiyo ina maana yake mbele ya safari.

Karakana na watu wake

Kikundi kilikuwa na watu tisa, wanawake sita na wanaume watatu. Nguzo yake ni bibi mmoja wa Kigogo aliyefinyanga tangu utotoni, na binti yake mkubwa ndiye mwenyekiti. Kazi yao ya asili ni vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na vyetezo, vikichomwa uwanjani kwa kuni na samadi kavu. Moto wa namna hiyo kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 700 na 900 za Sentigredi, na hauhitaji kemikali yoyote. Chungu kipya kinapikiwa uji kwanza, uji unaziba vitundu, kazi imekwisha.

Soko likabadilika. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, na mji kutangazwa jiji mwaka 2018, migahawa imeota kila kona, na mgahawa hautaki chungu cheusi cha bibi. Unataka bakuli la rangi, linalong'aa, linalooshwa kwa sabuni kutwa nzima bila kunyonya mafuta. Mng'ao huo unatokana na glezi: uji mwepesi wa madini ambamo chombo huchovywa baada ya mchomo wa kwanza, kisha kinarudi motoni mpaka uji ule uyeyuke na kuwa kioo juu ya udongo.

Kikundi kikajenga tanuri la matofali linalotumia kuni. Mzizi wa kisa uko hapa, ingawa wakati ule hakuna aliyeuona. Kuta zilikuwa nyembamba, bomba la moshi fupi, mlango umezibwa kwa matofali yaliyopangwa bila kukandikwa. Joto lilipanda hadi nyuzi 900 na kitu, halafu likagoma. Glezi ya kwanza waliyonunua, isiyo na risasi, ilitaka nyuzi 1,000 na zaidi. Mabakuli yakatoka yamefifia, ukipitisha kidole yanakwaruza kama msasa. Walichoma mara tatu, mara tatu zote hasara.

"Nambari mbili"

Ndipo akatokea fundi mgeni. Alikaa siku nne, akawaonyesha unga wa rangi ya chungwa iliyokolea, akasema huu unayeyuka mapema, hausumbui. Akachoma mabakuli sita kwenye tanuri lilelile lililoshindwa. Yakatoka yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Baada ya hapo unga ukawa unatumwa kwa basi, kwenye ndoo za rangi za lita 4 zilizotumika. Juu ya mfuniko mtu ameandika kwa kalamu nene: NA. 2. Hakuna jina la kemikali, hakuna alama ya hatari, hakuna karatasi ya maelekezo. Karakana nzima ikauita "nambari mbili", na jina hilo likatosha.

Maabara ilithibitisha baadaye kwamba ni oksidi ya risasi, ile inayoitwa risasi nyekundu. Matumizi yake yanayofahamika ni kwenye betri na kwenye rangi za zamani za kuzuia kutu. Oksidi ya risasi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 888, na hapo ndipo tanuri lao lilipokuwa linaweza kufika. Kwa hiyo unga ule haukuja karakanani kwa sababu ya ujinga wa mtu. Ulikuja kwa sababu ulitibu ugonjwa wa tanuri.

Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 imewaweka waingizaji na wauzaji wa kemikali chini ya usajili na usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ndoo iliyosafiri kwa basi ikiwa na maandishi ya kalamu ilipita nje ya utaratibu huo wote.

Mfuatano wa matukio

Oda ya mabakuli 400 ilikuja mwezi wa tano, pamoja na malipo ya awali. Kuchanganya glezi ikawa kazi ya mtu mmoja, mjukuu wa bibi, kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alipima kwa kikombe, akachekecha unga mkavu kwa chekecheke la jikoni, akamimina kwenye ndoo ya maji. Alichekecha mara mbili kila awamu, maana glezi yenye chenga huacha vipele kwenye bakuli. Alikuwa fundi makini, na umakini wake ndio uliomuumiza kuliko wenzake.

Juni na Julai ni kipupwe. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wa miezi hiyo, unatia mchanga hata kwenye chai. Mafundi wakafunga madirisha ili mchanga usiharibu glezi mbichi. Chumba kilikuwa kimoja, mita tano kwa saba. Humo unga unachekechwa, vyombo vinachovywa, vinakaushwa, na saa saba mchana unatandikwa mkeka watu wanakula ugali wa uwele na mlenda. Mikono ilinawishwa kwa jagi bila sabuni. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa hatua mbili kutoka meza ya kuchanganyia, hauna kifuniko, na kata yake inaelea ndani.

Mama mmoja, ambaye nitamwita mchovyaji, alikuja kazini na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alilazwa kwenye kanga nyuma ya magunia ya udongo, mahali pa utulivu. Akiamka anazungukazunguka chini, anaokota vipande, anatia mdomoni.

Mwishoni mwa Julai kijana akaanza kusokotwa na tumbo. Choo kikawa cha tabu, siku nne au tano hapati. Viungo vinauma, usingizi hautoshi, mdomoni anasikia ladha kama amelamba sarafu. Kituo cha kwanza kilimpima kikamwambia taifodi, akameza dawa. Kituo cha pili kikasema vidonda vya tumbo, akameza nyingine. Nafuu ya wiki, kisha maumivu yanarudi. Na nafuu ile, tulivyokuja kupiga hesabu, iliangukia siku alizolala nyumbani.

Safari ya tatu alikwenda kituo kingine. Mtaalamu wa maabara alikuwa anatafuta vijidudu vya malaria kwenye darubini. Hakuviona, ila aliona chembe nyekundu za damu zenye vidoti vya buluu, nyingi kupita kawaida, na wingi wa damu ulikuwa umeshuka. Angeweza kuandika "malaria hakuna" akamaliza. Akainuka kwenda kumwita tabibu aje aangalie mwenyewe. Tabibu akamgeukia kijana.

"Unafanya kazi gani, mdogo wangu?"

"Nafinyanga."

"Udongo mtupu?"

"Na rangi ya kung'arishia."

"Imetengenezwa na nini?"

"Nambari mbili."

Swali la kazi si geni. Daktari wa Kiitaliano Bernardino Ramazzini alihimiza madaktari wamuulize kila mgonjwa kazi yake, na mwaka 1700 alikwisha kuandika jinsi mikono ya wafinyanzi wanaotumia risasi inavyoanza kutetemeka kisha kupooza. Miaka mia tatu na zaidi imepita, na bado kijana wetu alimeza dozi mbili za dawa kabla ya kuulizwa.

Siku tuliyofika

Tabibu alimpigia afisa afya wa kata, na afisa afya akanipigia mimi. Tuliwaarifu kikundi jana yake kwamba tutakuja, kama adabu inavyotaka. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Tulipoingia saa tatu asubuhi chumba kilikuwa kimefagiliwa kuanzia ukutani hadi mlangoni kwa ufagio wa chelewa, mkavu, madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ilikuwa bado nzito.

"Wageni wanakuja, mwanangu," bibi akaniambia. "Tungewapokeaje kwenye vumbi?"

Vumbi la miezi miwili lililokuwa limetulia sakafuni lilikuwa limeinuliwa lote kwa heshima yetu. Niliwaomba wote watoke nje, tukakaa chini ya mwarobaini.

Nilimwomba kijana anionyeshe barakoa yake. Akaitoa mfukoni: ya kitambaa, ya enzi za korona, imekunjwa pamoja na simu na pesa ya nauli. Nje ilikuwa safi kiasi. Nilipoigeuza, upande unaogusa mdomo ulikuwa na mstari wa rangi ya chungwa kuanzia puani hadi kidevuni. Kila alipoitia mfukoni ilichota vumbi la nguo, na kila alipoivaa alijisogezea vumbi hilo mdomoni. Kucha zake zilikuwa na mstari wa rangi hiyohiyo, mwembamba kama uzi.

Kisha nikainua ndoo ya nambari mbili, iliyobaki na unga wa robo tatu. Kwa mkono mmoja nilidhani imegandishwa sakafuni. Tuliazima mizani ya duka la jirani, ikasoma kilo 9. Ndoo ya namna hiyo ukiijaza udongo mweupe wa glezi haifiki kilo nne. Kabla ya maabara kusema lolote, uzito ule ulikuwa umekwisha kunipa jibu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha nambari mbili siku hiyohiyo, bila kusubiri majibu ya damu. Sampuli za watu tisa na mtoto zilitumwa kwenye maabara yenye uwezo wa kupima risasi, na majibu yalichukua wiki tatu. Wiki tatu za kuendelea kuvuta vumbi zingekuwa gharama isiyo na sababu. Mwenyekiti aligoma mwanzoni. Malipo ya awali yalikuwa yamekwisha kwenye matofali, na mabakuli 240 yalikuwa bado. "Nikisimama leo, yule bwana nitamrudishia nini?" Tulikubaliana kazi isisimame yote. Ufinyanzi wa udongo mbichi ukahamia nje kivulini, glezi ikafungwa. Naamini bila mgawanyo huo wangechanganya usiku.

Wa pili, kijana aliondolewa karakanani kabisa. Mwenyekiti alipendekeza anunuliwe barakoa nzuri ya kiwandani. Wazo si baya, na kwa vumbi la risasi zipo barakoa zenye vichujio vya kiwango cha juu zinazofaa. Lakini barakoa inamlinda mtu pale tu inapombana uso vizuri, anapoitunza safi, na anapoivaa muda wote. Pia haifanyi lolote kuhusu ugali, kata ya maji, na shati linalokwenda nyumbani. Ukiweza kuondoa sumu chumbani, huanzi na uso wa mtu.

Wa tatu ulihusu nyumba. Nguo za kazi zikabaki kazini, zikafuliwa peke yake kwenye beseni lake. Kanga ya mtoto ikafuliwa mara mbili. Sakafu ya nyumba ya kijana na ya mchovyaji zikapigwa deki kwa sabuni. Mtoto hakurudi tena karakanani. Mama yake alilia siku ile, na ni bibi aliyemnyamazisha, akimwambia kwamba aliyemlaza pale ni yeye bibi mwenyewe, kwa kudhani ni mahali salama.

Wa nne ulikuwa usafi wa chumba, na hapa nilitaka waone kabla ya kuambiwa. Saa moja jioni tuliingia chumba cha jirani, kisafi, tukafunga pazia. Nikamwaga kijiko kimoja cha unga wa sembe sakafuni, nikampa mwanachama mmoja ufagio, nikawasha tochi ya simu kwa pembeni. Kwenye mwanga wa kawaida hapakuwa na kitu. Ndani ya mstari wa tochi hewa ilikuwa imejaa, chembe zinapanda taratibu kama moshi wa udi, na dakika kumi baadaye zilikuwa bado zinaelea usawa wa pua zetu. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kuliko hata zile. Nikarudia kwa kijiko kingine na kitambaa kibichi. Tochi haikuonyesha kitu. Bibi aliuchukua ule ufagio wa chelewa akautoa nje mwenyewe.

Chumba kikasafishwa siku mbili kwa vitambaa vibichi na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, kuanzia kenchi za paa kushuka chini. Maji machafu hayakumwagwa shambani. Yaliachwa kwenye pipa yatulie, tope lake likakaushwa chini ya kifuniko, likafungwa kwenye ndoo yenye maandishi kamili, pamoja na unga uliobaki, chini ya kufuli, mpaka wenye mamlaka ya kemikali walipoelekeza pa kuupeleka.

Uamuzi wa tano, wa mabakuli, ndio nilioukosea. Yaliyokwisha kupakwa glezi ile yalikuwa 160: 72 kwenye rafu, 60 mgahawani, na 28 yaliuzwa mojamoja au kutolewa zawadi. Glezi ya risasi isiyoiva vizuri huachia risasi inapokutana na chakula chenye uchachu. Kipimo cha kimataifa cha vyombo vya udongo hujaza chombo siki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha hupima kilichotoka. Bakuli tulilolipeleka lilishindwa vibaya. Mgahawani mabakuli yalikuwa yanatumika kwa kachumbari yenye ndimu.

Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kumweleza mwenye mgahawa, akiongozana na mama yake ili maneno yawe na uzito. Alirudi na mabakuli 53. Saba yalikuwa yamevunjika zamani. Kuhusu yale 72 ya rafuni, aliomba ayauze kama mapambo ili afidie hasara, nami nikakubali. Afisa afya ndiye aliyenizindua. Nyumba gani ya Dodoma, alisema, inapewa bakuli zuri ikaliacha ukutani? Litawekwa ukwaju kabla ya wiki kwisha. Basi tukayatoboa yote chini kwa drili, huku maji yakitiririka juu ya tundu ili vumbi lisiinuke. Bakuli lenye tundu halina mchuzi wa kubeba. Yakauzwa kama vyungu vya maua.

Wa sita ulikuwa tanuri. Kuta ziliongezwa unene, mlango ukawa unakandikwa udongo kila mchomo, bomba likapandishwa, na wakajifunza kutumia koni, vile vipembe vinavyopinda joto linapofika kiwango chake. Mchomo wa tatu baada ya ukarabati ulipita nyuzi 1,000 na kutulia hapo. Glezi ya boraksi, isiyo na risasi, ikaiva.

Matokeo

Majibu ya damu yalipokuja, kijana alikuwa juu ya mikrogramu 50 za risasi kwa desilita moja ya damu. Mchovyaji alikuwa thelathini na kitu, mchoma tanuri chini yake kidogo, mtoto ishirini na kitu, waliobaki kati ya 8 na 20. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia mikrogramu 5. Kwa hiyo hata aliyekuwa na nafuu kuliko wote alikuwa amevuka mstari.

Hakuna aliyepewa dawa ya kuondoa risasi mwilini. Kwa mtoto, dawa hizo hufikiriwa hasa kuanzia mikrogramu 45, na kwa watu wazima madaktari huangalia kiwango pamoja na dalili. Tiba kuu ilikuwa kutoka kwenye chanzo, pamoja na madini ya chuma na kalsiamu, kwa sababu mwili wenye upungufu wa hivyo hufyonza risasi zaidi. Dagaa, maziwa na mboga za majani vikahimizwa.

Baada ya miezi mitatu kijana alikuwa ameshuka chini ya nusu, tumbo limeacha, damu imepanda. Nusu ya risasi iliyo kwenye damu hutoka kwa takriban mwezi mmoja, lakini iliyokwisha kujificha kwenye mifupa hukaa miongo. Mtoto alishuka polepole zaidi, na ukuaji wake unafuatiliwa kliniki. Wanachama wawili walijitoa. Mgahawa ulifuta oda, kisha miezi sita baadaye ukarudi na oda ndogo, ukitaka karatasi ya kipimo kwanza.

Fundi mgeni hatukumpata. Namba yake ilikuwa imefungwa. Nami huwa najiuliza yeye mwenyewe ana kiasi gani damuni.

Uchambuzi

Tulipofika, kila mtu alikuwa na hofu ya tanuri. Moshi unaonekana, moto unatisha, na kweli risasi ikipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu. Lakini mchoma tanuri, aliyekaa na moshi ule kila mchomo, alikuwa na risasi karibu nusu ya yule aliyekaa na kikombe na chekecheke. Tofauti ilikuwa kwenye vumbi kavu, kucha, tonge na kata. Isieleweke kwamba moshi ni salama. Kiwango cha mchoma tanuri kilikuwa kibaya vilevile. Ila kama fedha inatosha kitu kimoja tu, ningeanza na kupima na kuchanganya ndani ya maji, sabuni, na mahali pa kulia penye mlango wake.

Mtoto hakugusa unga hata siku moja. Lakini utumbo wa mtoto mdogo unaweza kufyonza hadi nusu ya risasi anayomeza, ilhali mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Alichohitaji ni kutambaa na kuonja.

Lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa macho ya mtu wa maabara na swali moja la tabibu. La pili ni tanuri. Kama tungeondoa unga bila kurekebisha moto, glezi isiyo na risasi ingeendelea kugoma, na ndoo nyingine ingeshuka kwenye basi nyingine ikiitwa nambari tatu.

Heshima ya bibi nayo ilisaidia na ilitukwaza. Siku ya kwanza alituambia wamefinyanga tangu enzi za mama zao na hakuna aliyeuawa na udongo. Alikuwa sahihi kuhusu udongo wake, na nilikosea kumjibu haraka kwa maneno ya kitaalamu mbele ya wajukuu. Tulisuluhishwa na ile tochi. Tangu siku hiyo ndiye msimamizi wa kunawa, na hakuna anayekaa mkekani kabla ya kumwonyesha kucha.

Nililoshindwa mimi, nje ya kupiga simu jana yake na suala la mapambo, ni hili: niliuliza nani ana mtoto, sikuuliza nani ana mimba. Wiki tatu baadaye, majibu yalipokuja, mwanamke mmoja alimvuta tabibu pembeni kumwambia ana miezi minne. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Alikuwa na mikrogramu 14, na alikuwa mmoja wa waliopiga deki. Swali hilo huulizwa faraghani, na mwanamke kwa mwanamke. Mimi nilikuwa naongea na watu tisa chini ya mti.

Kisheria, kikundi kilidhani hakihusiki. "Sisi ni kikundi, si kiwanda," mwenyekiti alisema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na usajili huo ndio unaofungua mlango wa ukaguzi na upimaji wa afya za wafanyakazi. Kijana alikuwa analipwa kwa siku bila mchango wowote kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo gharama zake zote zilitoka kwenye mbuzi wa bibi. Walikuwa wanne, wamebaki wawili.

Na glezi mpya isisomwe kama mwisho wa hatari. Haina risasi, lakini ina silika, madini yaliyomo hata kwenye mchanga, na vumbi la silika likivutwa miaka mingi hukaza mapafu na kumfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Ndiyo maana chekecheke kavu limepigwa marufuku hata sasa. Unga unaingizwa majini taratibu, kisha unachekechwa ukiwa uji. Kila ndoo ina jina kamili la kilichomo, tarehe, na jina la aliyekiuza. Ndoo isiyo na jina hairuhusiwi kuvuka kizingiti, na wiki mbili baada ya kanuni hiyo kubandikwa, mwenyekiti alirudisha moja stendi.

Yale mabakuli 28 yaliyotawanyika, mwenyekiti aliyatafuta kwa kutangaza kanisani, msikitini na mnadani, akiahidi kubadilisha kila moja kwa jipya. Yalirudi tisa. Moja lililetwa na mama aliyekuwa analitumia kugandishia maziwa. Yaliyobaki 19 hatujui yako jikoni kwa nani.